Ngamia Niliyemchemsha Nyuma ya Hoteli ya Habiba

Mtu akikukuta unakoroga pipa lenye ngamia ndani, wanangu, usimwambie "subiri kidogo, nitakueleza." Mweleze hapo hapo, mwiko ukiwa bado mkononi. Hilo ndilo somo kubwa nililovuna katika kazi ya makumbusho, na nalitaja mwanzo kabisa kwa sababu nawajua vijana wa siku hizi, hamsomi mpaka mwisho.

Naitwa Mghoi, Mtaita wa Wundanyi, na nimestaafu. Nilikuwa fundi wa mifupa katika makumbusho ya viumbe ya chuo kikuu, Nairobi, enzi ambazo habari zilikwenda kwa faksi na picha zilikaa wiki nzima dukani zikisafishwa. Nyinyi mlioingia kazini juzi mmeniomba niwaandikie uzoefu wangu. Uzoefu wangu mwingi unanuka. Kama mnakula, wekeni sahani kando kwanza.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mbogho, mtu wa vidole vinene na hasira za karibu. Siku ya kwanza alinipa kichwa cha punda milia na mwiko, akasema, "Maji ya mifupa yacheke tu, yasipige kelele." Maana yake, ukichemsha mfupa kwa moto mkali, mafuta yanajificha ndani, na baada ya muda mnyama wako anaanza kutoka jasho la manjano ukumbini. Mimi nilikuwa kijana, nilitaka kumaliza mapema niwahi basi. Nikaongeza kuni. Punda milia yule alikuja kutoka jasho mbele ya balozi. Mzee Mbogho hakunigombeza, alinipa kitambaa tu, nikawa nampangusa mnyama uso huku balozi akiuliza kama ana homa.

Nyinyi leo mna wadudu maalumu wa kula nyama kwenye mifupa, tena mna mashine za kupiga picha mpaka ndani ya uboho. Hongereni. Sisi tulikuwa na pipa, kuni, sabuni ya unga na soksi. Msicheke, soksi ni kifaa. Mifupa midogo ya kila mguu unaitia kwenye soksi yake, unafunga kwa kamba, ndipo unaitumbukiza pipani. Usipofanya hivyo, ya kushoto na ya kulia huchanganyika na mnyama wako atasimama kama mlevi anayetafuta mlango. Na kila soksi ichunguzwe kabla haijatumika. Narudia: ichunguzwe.

Miaka ile ya tisini makumbusho yetu yalikuwa na kitu tulichokiita maonyesho ya nje. Tulipakia wanyama waliojazwa pamba na vumbi la mbao kwenye lori, tukaenda miji ya mbali. Wananchi wanaangalia wanyama, kisha daktari mmoja wa chuo anasimama na kipaza sauti kuwaeleza utafiti wake umegundua nini. Mimi nilikwenda kama fundi, kwa sababu wanyama wale walivunjika njiani kuliko mayai.

Wajir, kwa mfano, nilimpeleka fisi niliyemjaza mwenyewe. Kazi safi, ila midomo nilikuwa nimeivuta mno, akawa anatabasamu kama mtu aliyekwenda kupiga picha ya kitambulisho. Akaja mfugaji mmoja mzee, akasimama mbele yake. Kisha akamwambia fisi, "Mbuzi zangu umekula, na hata kufa bado wewe nacheka?" Akamtandika bakora tatu za maana mpaka vumbi la mbao likatoka. Watu wakampigia makofi. Nilimshona fisi pale pale, na mzee akanisaidia kushika uzi, maana alikuwa amekwisha kusema naye.

Basi, Garissa.

Tulikwenda mimi, dereva, na Dakta Wekesa. Huyu alikuwa mtafiti kijana, mwembamba, mwenye kuvaa tai hata kwenye jua lile ambalo mbuzi wenyewe hulikimbia. Utafiti wake ulikuwa juu ya yale makorongo makubwa ya jaani, yenye upara na kifuko kinachoning'inia shingoni, ambayo Garissa yamejaa kuliko kunguru wa Mombasa. Yanakaa juu ya migunga na kusimama mabarabarani kama makarani waliokosa mishahara. Dakta alitaka kujua yanakula nini. Kila asubuhi alikwenda chini ya miti yao na kopo la biskuti, akiokota vitu walivyovitapika. Alipata kandambili, kufuli, na mguu wa mwanasesere. Aliviosha na kuvipanga kwa upendo ambao mkewe, nadhani, hakuwahi kuuona.

Lakini alikuwa na wasiwasi. Mkuu wa makumbusho alimwambia waziwazi kabla hatujaondoka: akirudi bila habari ya kutangaza, habari yenye uzito, maonyesho ya nje yatafutwa. Kufuli haikuwa na uzito wa kutosha.

Mimi nilikuwa na kazi yangu. Nilitumwa nimtafute ngamia mzima wa mifupa, maana chuo kizima hakikuwa naye. Na bahati ikanijia mapema. Haji Abdille, mfanyabiashara wa mifugo aliyeheshimiwa sokoni, alikuwa na ngamia mzee aliyeanguka na kufa njiani akitokea upande wa Diff. Mnyama aliyekufa bila kuchinjwa ni kibudu, haramu kuliwa, kwa hiyo Haji hakuwa na haja naye. "Chukua bakhti yako, mama," akaniambia, yaani kibudu kwa Kisomali, akinishangaa kidogo. Tulimchuna huko huko porini, wachungaji wakitutazama. Nyama yote tukawaachia tai, na mifupa nikaifunga kwenye magunia.

Sasa nichemshie wapi? Tulikuwa tumepanga vyumba kwa Habiba.

Habiba Gedi alikuwa mjane mwenye hoteli karibu na soko la mifugo. Anjera, zile chapati laini za Kisomali, pasta, chai ya maziwa ya ngamia, na juu ya yote supu. Supu ile, wanangu, ilimfanya dereva wetu asahau kwao. Hoteli hiyo ndiyo ilikuwa mume wake, shamba lake na pensheni yake; watoto wake wanne walisoma kwa supu. Alinipenda tangu siku ya kwanza kwa sababu nilimwomba anifundishe kukanda anjera nami nikashindwa vibaya sana, akacheka mpaka akakaa chini.

Nilipomwomba mahali pa kuchemshia, alifikiri kidogo. "Abaayo Mghoi, hiyo kitu ni bakhti. Mbali na jiko yangu. Mwiko yako, kuni yako, bibba yako." Pipa alikuwa analiita bibba, na mimi aliniita abaayo, yaani dada. Akanipa kona nyuma kabisa, nje ya ua wa miti. Tulitenga kila kitu, tuliosha kila kitu, hata majivu tuliyazika. Kwa usafi hakuna mtu angetulaumu. Kitu kimoja tu ambacho sisi wawili hatukukifikiria ni kwamba ua wa miti una matundu. Mtu aliyekaa meza ya mwisho hotelini, akiinua kichwa kutoka kwenye bakuli lake, anaona mwanamke mwenye kanga kiunoni akikoroga pipa kubwa linalotoa mvuke.

Angekuwa Dakta Wekesa anakoroga, mtu angeuliza ni dawa ya nini. Mwanamke akikoroga, nani atauliza? Anapika.

Siku ile Haji Abdille alikuwa meza ya mwisho. Alikuwa amemaliza bakuli lake na kuomba jingine, nalo amelimaliza. Akainuka kunyoosha miguu, akaja mpaka uani, akanikuta. Mimi nilikuwa katikati ya jambo gumu kuliko yote, kukitoa kichwa bila kuvunja taya.

"Mama! Wewe nabika nini?"

"Subiri kidogo, Haji, nitakueleza."

Hakusubiri. Alikuja akachungulia. Kichwa kikaibuka kwenye povu la sabuni, kikamtazama.

"Hii ni ngamia yangu!"

"Ndiyo, Haji. Anaendelea vizuri."

Haji aliangalia pipa. Akaangalia hoteli. Akaweka mkono juu ya tumbo lake, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto asiamke. "Astaghfirullah," akasema. Kisha tena, kwa sauti ndogo zaidi. Alikwenda bombani akasukutua mdomo mara nyingi, akaondoka akiwa amesahau hata bakora yake. Mimi nilimpungia mkono. Nilidhani joto limemzidi.

Kufikia swala ya alasiri mji mzima ulijua kwamba Habiba ameajiri mpishi mpya kutoka Nairobi, mwanamke mnene, na anapika kibudu. Kufikia kesho yake habari ilikuwa Dadaab, tena iliyapita malori ya maji njiani. Madereva waliotoka Elwak na mizigo, watu ambao kwa miaka walishukia kwa Habiba kabla ya kushukia kwa wake zao, walisimama ng'ambo ya barabara wakanywa soda.

Hoteli ikawa tupu. Nzi wenyewe walipungua.

Habiba hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Alikuja kule nyuma nilikokuwa nimeanika mifupa kwenye mkeka, akakaa juu ya mtungi wa plastiki ulioinamishwa.

"Abaayo, mimi nimekwisha."

"Watu wanasema nini?"

"Hawasemi. Wakisema, najibu. Wanabita tu mlango yangu na kuangalia ubande ingine." Akashika tama. "Watoto wameniuliza leo kama mimi nimebikia watu bakhti. Watoto yangu."

Roho iliniuma, wanangu. Nimechuna viboko, nimemsafisha twiga aliyekaa wiki juani, sijawahi kujisikia kichefuchefu kama siku ile. Nikamwambia nitakwenda sokoni kueleza. Nikaenda. Lo, heri ningelala! Nilisimama katikati ya wauza mbuzi nikatangaza, "Jamani, sikumpika, nilimchemsha tu!" Mtu mmoja akauliza tofauti ni nini. Nikasema, kuchemsha ni bila chumvi. Kila nilivyoeleza watu walizidi kurudi nyuma, mpaka nikabaki naongea na mbuzi.

Huku nyuma, Dakta Wekesa alikuwa na furaha zake. Asubuhi moja alirudi kutoka kwenye miti akikimbia, tai imeruka begani. "Mama Mghoi, nimepata! Nimepata habari!" Hakutaka kunionyesha. Alikuwa amekifunga kitu chake kwenye pamba ndani ya kopo, atakifunua siku ya maonyesho mbele ya umma. Alinidokeza tu kwamba ni mfupa wa ngamia uliotapikwa na korongo, na kwamba maana yake ni kubwa: makorongo ya Garissa yanaruka mpaka malishoni mbali sana, huko ngamia wanakofia, na kurudi. Tena ulikuwa mweupe ajabu. "Na unanukia! Asidi ya tumbo la korongo ni kali kiasi hicho, Mama Mghoi. Inasafisha na kuacha harufu nzuri. Hakuna aliyewahi kuandika hili." Mchana huohuo alikwenda posta akatuma faksi kwa mkuu wa makumbusho. Mimi nilikuwa na msiba wangu wa Habiba, sikusikiliza vizuri. Mtu mwenye majonzi hasikii harufu.

Gari la kipaza sauti lilipozunguka mjini kutangaza maonyesho, Haji Abdille alikuja hotelini, lakini alisimama mlangoni. Hakuingia. Alizungumza na sisi watatu, Habiba, mimi na Dakta, na alizungumza kwa adabu.

"Mimi sitaki kuvunja jina ya mama huyu. Mume yake alikuwa rafiki yangu. Lakini mimi nimekunywa bakuli mbili, na tumbo yangu inaniuliza swali. Ngamia nilitoa mzima. Nyama tuliona tai wakikula, sawa. Lakini subu inabikwa na mifuba. Kwa hifyo mifuba yote isimamishwe mbele ya watu. Kama iko mzima, hakuna kitu iliingia sufuria ya Habiba, na mimi mwenyewe nitasema hifyo msikitini. Kama kuna kitu imebotea..."

"Kitu gani kipotee?" nikasema kwa majivuno. "Haji, mimi ni fundi. Kwangu mfupa haupotei."

Habiba alinitazama kama mtu aliyepewa kamba kisimani. Ndiyo maana nasema, wanangu, majivuno msiyatoe mdomoni kabla hamjahesabu soksi.

Maonyesho yalikuwa kwenye uwanja wa shule. Sijawahi kuona umati kama ule kwa ajili ya sayansi. Tulileta swala, nyani, fisi wangu mwenye majeraha, na hakuna aliyewaangalia. Walikuja kumwona ngamia. Wazee walikaa mbele kwenye viti vya wanafunzi, magoti yakigusa videvu. Wanawake walisimama upande mmoja, Habiba akiwa mbele yao, buibui ameikaza, hatazami mtu. Makorongo nayo yalikuja, yakasimama juu ya paa la darasa.

Nikaanza kumjenga. Uti wa mgongo kwenye bomba la chuma, mbavu moja moja, shingo, kichwa. Kila mfupa niliinua juu, nikautaja, wazee wakaitikia kwa kichwa, nikaufunga kwa waya. Watu walianza kuburudika. Nilipounganisha mguu wa kwanza, mtu akapiga kelele, "Waryaa, inaamka!" Vicheko. Hata wazee waliingia katika mabishano, mmoja akisema mfupa fulani ni wa mbele, mwingine wa nyuma, wa tatu akiapa walaahi kwamba ngamia hana mfupa huo kabisa. Nikaona Habiba ameachia buibui kidogo.

Nikafika mguu wa nyuma wa kushoto. Nikafungua soksi ya mwisho.

Niliipindua. Nikaitikisa. Nikaingiza mkono ndani, na kidole changu kikatokea upande wa pili, kwenye dole gumba. Zilikuwa soksi za Dakta Wekesa, tulizokopa kwa sababu zetu ziliisha, na mtu yule alikuwa na kucha kama plau.

Pia ya goti haikuwapo. Ule mfupa wa mviringo unaokaa mbele ya goti, mnaujua.

Ningeweza kufunga waya na kusonga mbele kana kwamba nimemaliza. Lakini upande wa kulia ulikuwa na pia yake imekaa pale, inang'aa, na Haji alikuwa ameshainuka. Aliangalia goti la kulia, akaangalia la kushoto.

"Goti iko wapi?"

Na kwa bahati mbaya kila mtu pale alijua, kama tunavyojua mimi na nyinyi, kwamba katika supu nzima hakuna kitu kitamu kama goti.

Nilisikia mwanamke mmoja nyuma ya Habiba akisogea pembeni, kisha mwingine. Kidogo kidogo akabaki amesimama peke yake, na nafasi tupu imemzunguka. Hakulia. Alifunga tena buibui. Nilitamani ardhi impasukie Dakta Wekesa pamoja na soksi zake.

Hapo Dakta akaja akasimama karibu nami, uso umemtoka jasho kama punda milia wangu.

"Mama Mghoi," akaninong'oneza, "huo mfupa uliopotea ukoje?"

"Kama andazi lililokanyagwa."

"Mweupe?"

"Nimeusugua mwenyewe."

"Unanukia?"

"Unanukia sabuni ya unga."

Alifumba macho. Mezani kwake, kando ya kufuli na kandambili, palikuwa na kitu kimefunikwa leso nyeupe, na mbele yake kibao alichokiandika kwa mkono wake: HABARI KUBWA YA UTAFITI. Nikaangalia leso. Ilikuwa imevimba kama andazi lililokanyagwa.

Mambo yote yakanijia kwa pamoja. Soksi imetoboka, mfupa umeanguka mkekani, korongo amepita, amemeza, ameona haushuki, ameutapika chini ya mti wake, na Dakta wetu akauokota akilia kwa furaha. Ulisafiri kutoka nyuma ya hoteli mpaka migungani, mahali ambapo kuku angefika kwa miguu.

"Faksi nimeshatuma," akasema. "Mkuu ameshajibu. Amesema ni habari bora kuliko zote za mwaka. Nikisema ni huu, sina kitu. Nitakuwa mtu aliyegundua sabuni."

Na ilikuwa kweli. Hakuna aliyejua zaidi yangu. Angeweza kufunga meza yake, akasingizia jua, akaondoka na habari yake mfukoni, na Nairobi wangempigia makofi. Alikuwa kijana, na jina ndilo alilokuwa analitafuta. Niliona namna anavyotaka.

"Dakta," nikamwambia, "faksi haina watoto."

Alimtazama Habiba pale alipokuwa, katikati ya uwanja mtupu wake. Akarekebisha tai. Akachukua kipaza sauti, kikapiga mluzi mpaka makorongo yakaruka kutoka paani, akafunua leso na kuuinua mfupa juu.

"Wananchi," akasema, "nilikuja kuwapa habari ya utafiti. Nilitaka kuwaambia korongo wenu ni msafiri mkubwa. Si msafiri. Ni mwizi. Goti hili ameliiba kwenye mkeka wa Mama Mghoi, akashindwa kulila, akalitapika. Mimi nikaliokota nikafikiri nimegundua jambo. Mama Habiba hakuliona hata kwa macho."

Akaniletea mfupa kwa mikono miwili. Nikauweka mahali pake, ukakaa kama kifuniko kwenye sufuria yake. Haji akainama. Alipima la kulia, akapima la kushoto. Akalinusa.

"Mbona inanuka sabuni?"

"Hapo kwanza nilidhani," Dakta akasema, bado kipaza sauti kiko wazi, "nilidhani ni tumbo la korongo."

Kisha uwanja ukaangua kicheko ambacho sijakisikia tena. Wazee walishikana mabega. Mmoja alianguka pamoja na kiti. Wanawake wale waliosogea wakarudi kumshikilia Habiba, na yeye alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, buibui imeanguka mabegani.

Haji akapokonya kipaza sauti. "Nyamazeni! Mimi nimekunywa subu ya Habiba miaka mingi. Chumfi inaweza kuzidi. Bilibili inaweza kuzidi. Lakini sabuni? Hata siku moja! Ngamia yangu iko mzima, na mama huyu ni msafi. Mtu akisema neno ingine, aje aseme kwangu." Kisha akaongeza, "Na mimi sasa nina njaa."

Umati mzima ukaondoka kuelekea hotelini, ukituacha na fisi. Kufika kule, balaa: hakukuwa na supu! Habiba alikuwa hajawasha jiko siku kadhaa, angempikia nani? Basi Haji akatuma mbuzi waletwe, wakachinjwa mbele ya macho ya watu wote. Mji ukakaa kwenye meza, kwenye mitungi na chini, ukingoja sufuria ichemke. Hakuna aliyeondoka. Mimi nilikatazwa kabisa kukaribia mwiko.

Dakta Wekesa alichelewa kuja. Alikuwa amepitia posta kutuma faksi ya pili, ya kuifuta ile ya kwanza. Aliingia kwa aibu, akitafuta pembe ya kukaa, lakini watu walikuwa wameshampa jina. Wasomali wakikupa jina la utani, hati za serikali hazikusaidii tena. "Jilib! Jilib!" wakamwita, yaani goti, na wakamsogezea kiti katikati.

Habiba akamletea bakuli la kwanza mwenyewe, kabla ya Haji, kabla ya wazee. Ndani lilisimama goti la mbuzi, zima, limenona. Dakta alilitazama lile goti. Mazoea ni maradhi: mkono ukaenda mfukoni, ukatoka na kalamu.

Habiba akaichukua kalamu, akaichomeka kwenye kilemba chake, akamwekea kijiko.

"Hii ni ya kula, Jilib," akamwambia. "Hii usiandike."